Tuambie Tulipokosea: Risala ya Marubani wa Mezani kwa Kapteni Phelista Wakonyo

Mgeni rasmi, Kapteni Phelista Wakonyo. Mwalimu wetu Kizito na mkewe, Mama Nabwile. Wazazi, majirani, na wenzetu mliotoka Kitale asubuhi hii: Asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

KARIBU

Kapteni, karibu nyumbani. Tunajua ulizaliwa Chwele, na tunajua leo ilikuwa siku yako ya kupumzika kurusha ndege. Chumba hiki ni stoo ya nyuma ya duka la Osman la kutengeneza simu, hapa Bungoma mjini. Joto lake utalizoea. Wageni waliokutangulia hawakukaa kiasi cha kulizoea. Ukiona makofi yetu ni machache usidhani hatukufurahi kukuona. Tumepiga makofi mengi humu ndani, na tumechoka.

TULIKOTOKA

Kikundi hiki kilianzishwa na Mwalimu Kizito alipostaafu kufundisha jiografia huko Mabanga. Yeye mwenyewe hajawahi kupanda ndege. Alitafuta kompyuta kuukuu, akaweka simuleta, yaani ile programu ya kuendesha ndege ukiwa umeketi mezani, akamwomba Osman kona moja ya stoo.

Sisi tuliokuja kwanza tulidhani ni gemu. Osman alipaa kutoka Kitale, akafuata mstari wa rangi unaochorwa kwenye ramani ya skrini, akatua Bungoma bila shida. Akageuka akicheka.

"Umeona, Mwalimu? Si ni rahisi tu!"

"Nimeona. Sasa niambie, pale mawingu yalipofunga, ulikuwa unajua uko wapi?"

"Si mstari ulikuwa unajua, bana."

Mwalimu akauzima mstari. Osman akapaa tena, akapotea, akaugonga Mlima Elgon.

Tangu hapo tukajifunza kusafiri kwa redio. Kapteni unayajua haya, lakini majirani wetu wengi hawayajui. Mnara wa Kisumu unatuma mawimbi, na sindano mbele ya rubani inamwonyesha yuko upande gani wa mnara huo. Mnara wa Eldoret unampa mstari wa pili. Mistari miwili inapokatana, hapo ndipo alipo, hata kama nje haoni kitu. Kila mnara una mlio wake, na Mwalimu hakumruhusu mtu kufuata sindano kabla ya kuusikiliza.

Mwenye sikio zuri kuliko sote alikuwa Khairunisa, binti wa fundi cherehani hapa karibu na msikiti. Siku moja sote tulikuwa tunampigia Osman kelele apinde kushoto, naye akasema kutoka nyuma, "Ngojeni. Hii si Kisumu. Inalia tofauti." Kweli, tulikuwa tumefungulia Eldoret. Mwalimu hakumsifu. Alimsogezea kiti tu, akamweka mbele ya mashine, na tangu siku hiyo kiti kikawa chake.

TULIYOFANIKIWA

Agneta, anayewasomea risala hii, huuza ndizi sokoni Chwele. Alijifunza kushikilia njia yake upepo ukimsukuma ubavuni, akaipata Bungoma ndani ya mawingu mazito. Magurudumu yalipogusa chini, stima ikapotea. Tulipiga kelele gizani mpaka majirani wakaja mbio kuuliza nani ameshinda kamari.

Chepkemei, mmoja wetu, alifungua tawi sebuleni kwake Kitale. Yeye alikuwa anapaa huko, na sisi huku tunamwongoza kwa simu kama wale wanaoongoza ndege kutoka uwanjani. Na Khairunisa alianza kuwafunza wageni Mwalimu alipochoka.

YALIYOTUCHOSHA

Stima hatutaisema sana. Inapotea hapa kama inavyopotea kwa kila mtu.

Kilichotuchosha ni kusifiwa. Tumepokea wakubwa kadhaa katika chumba hiki. Kila mmoja alishika usukani, akapigwa picha, akasema vijana wa Bungoma wana vipaji, akaondoka. Hakuna hata mmoja aliyeuliza tunafanya nini. Na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kutuambia kama tunachofanya ni sawa. Kapteni, yote tunayoyajua tumeyatoa kwa Mwalimu, na Mwalimu aliyatoa kwenye vitabu vya zamani na kwenye kujaribu na kuanguka.

Mwaka jana Khairunisa alikwenda Nairobi kufanya usaili katika chuo cha urubani. Hatutakitaja. Mkufunzi alimuuliza amejifunza wapi. Akasema, kwa kompyuta, Bungoma. Mkufunzi akacheka. "Kumbe umecheza gemu miaka yote hii? Sasa kazi yangu itakuwa kwanza kukusahaulisha." Hakumuuliza swali hata moja la redio. Alimwambia mambo ya sindano yamepitwa na wakati, siku hizi ni setilaiti, akamwita anayefuata.

Khairunisa alirudi nyumbani, na hapa hakufika. Osman alimfuata kwao, akasimama mlangoni.

"Khairu, Mwalimu anakuuliza. Anakuuliza kila siku."

"Osman, na kama alitufunza uongo?"

"Uongo aje sasa?"

"Si uongo wa kutaka. Lakini hajawahi kuketi ndani ya ndege hata siku moja. Nani alimwangalia akamwambia hapa umekosea? Hakuna. Na sisi tukameza tu."

 Osman alirudi akatueleza, na ndipo tulipogundua kwamba hata sisi hatujui kama tulifunzwa kweli.

Katika mwezi huohuo Mwalimu alipatwa na kiharusi. Mama Nabwile anasema neno lake la mwisho lililosikika vizuri lilikuwa, "Khairu amefika?" Tangu hapo anatusikia, anatuelewa, lakini ulimi haumtii.

Baada ya hapo tulianza kugombana, Kapteni, na tunaona haya kulisema mbele yake. Wenzetu wa Kitale walisema turudi kwenye mstari wa rangi, kwani ndio wanaoutumia marubani wa leo. Sisi wa Bungoma tulishikilia sindano, si kwa sababu tulikuwa na hakika, bali kwa sababu kuziacha kulionekana kama kumzika mtu angali hai. Chepkemei akatuambia kwa simu, "Nyinyi mnatetea mtu, hamtetei ukweli." Alitukasirisha kwa kuwa alisema kweli. Hatukuzungumza naye kwa muda mrefu, na mashine ikapata vumbi.

Kilichotupatanisha ni uchovu. Chepkemei alipiga tena, akasema amechoka kukasirika, nasi tukamwambia hata sisi. Tukakubaliana kutafuta mtu mmoja anayejua, na kukubali atakachosema. Dadako anauza mboga karibu na Agneta pale Chwele. Ndivyo tulivyokupata. Osman akaenda tena kwa Khairunisa, na safari hii hakumbembeleza. Alimwambia tu nani anakuja, na kwa nini. Jana Khairunisa alikuja kabla yetu sote. Tulimkuta anapanguza vumbi.

OMBI

Katika risala, hapa ndipo watu huomba mabati, tangi la maji na kompyuta mpya. Sisi tuna ombi moja, na halihitaji bajeti.

Khairunisa ataketi pale na kupaa kutoka Kitale. Tumejaza mawingu, tumeweka upepo wa ubavuni, na mstari tumeuzima. Tunakuomba uketi kando yake mpaka atue au aanguke. Usitusifu. Akikosea, msimamishe, utuonyeshe kosa ni lake au ni la yale tuliyofunzwa sote. Ikiwa ni la mafunzo, tutaanza upya, tawi la Kitale na la Bungoma pamoja.

Juzi tulimsomea Mwalimu risala hii. Mahali hapa tulikuwa tumeandika, "Tuthibitishie kwamba tulifunzwa sawasawa." Akatikisa kichwa. Tukabadilisha, akatikisa tena. Tulipoandika, "Tuambie tulipokosea," akafumba macho, akatulia, akamshika Mama Nabwile mkono.

Kapteni, yuko pale mlangoni kwenye kiti cha magurudumu. Utakachosema, tafadhali kisemee upande ule, kwa sauti.

Mungu akurudishe salama kila unapopaa, na awape wote walio ndani ya mawingu leo mahali pa kutua.

Ni sisi,
Marubani wa Mezani, Bungoma na Kitale