Doti ya Charmi

Najma hakuwa na mazoea ya kutega sikio, lakini kwenye pantoni ya kwenda Magogoni asubuhi ile, vijana wawili kando yake walibishana kama vile chombo ni chao.

"Utsav, mshikaji wangu, Jumamosi timu yetu inacheza gemu ya bunduki ya kompyuta na watoto wa Upanga, na imebaki nafasi moja," alisema mwenye kofia. "Huna shabaha, niachie."

"Abubakary, acha wivu! Jana pale kafe Kariakoo si ulinipima mwenyewe? Risasi kumi ukutani, nane zikaingia kwenye duara. Wewe tatu!"

"Ulibandika doti ya dada yako katikati ya skrini! Ile nukta nyekundu ya kwenye paji la uso! Sasa hiyo shabaha ni yako au ya Charmi?"

Najma akageukia baharini, akaficha kicheko ndani ya mtandio.

"Ile bunduki haina alama ya kulengea, bwana. Mimi nimeiwekea."

"Basi nimeibandua. Leo tunapima upya, skrini tupu."

"Poa tu." Utsav akatoa miwani mfukoni, kwa madaha ya bwana harusi. Kwenye kioo cha kulia palikuwa na doti nyekundu. "Sasa natembea nayo."

Pantoni ikagusa gati. Utsav akavaa miwani yake, akalenga njia ya kutokea, akajipigiza moja kwa moja kwenye mkokoteni wa mananasi.

"Umeona?" akamwambia Abubakary, huku ameshika goti. "Katikati kabisa."