Mayai ya Mdudu Kijiti

— Asiyeamini aweke kikombe chini abishe, alianza Kibiriti, fundi baiskeli mwembamba kama jina lake. Kijiti kile kinatembea.

Kweli, kwenye ukuta wa kibanda cha kinyozi, juu ya benchi la wanywa kahawa, kijiti kilikuwa kinajikokota. Birika la kahawa lilikuwa miguuni. Pembeni, mwanamke mmoja alikuwa akisubiri baiskeli yake izibwe pancha, na fundi hana habari.

— Huyo vunjajungu, alisema Kinyozi.

— Vunjajungu anakula wenzake. Huyu majani tu. Ndugu zake wa karibu ni vidudu vinavyofuma hariri kwa miguu ya mbele. Dada yangu kasomea wadudu.

— Wewe ukatoroka shule, dada akakusomea, alisema Breki, dereva mstaafu.

— Toroka na wewe, mzee wangu, tuone kama utajua haya. Mababu zake walikuwa na mabawa, wakayapoteza. Dada anasema huenda wajukuu wengine waliyapata tena, ingawa wasomi wenzake wanambishia.

— Walikuwa panzi, alisema Breki. Ukaja ukame, wakakonda, wakaona haya kurudi kwao.

— Mimi nasema ni tawi, alisema Kinyozi. Lilichoka kusimama, likaondoka. Ndiyo maana ya samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki kaingiaje hapa? aliuliza Breki.

— Wengine jike anataga bila dume, Kibiriti aliwakatiza. Mayai kama mbegu. Dada alikuwa nayo kisanduku kizima chumbani kwangu. Akiliangalia yai tu, anakutajia ukoo.

— Yakaanguliwa mangapi? aliuliza yule mwanamke.

Kibiriti aliinua birika. Tupu. Akalitikisa hata hivyo.

— Hata moja. Alingoja miezi minane. Akasema kayaozesha mwenyewe, kayanyunyizia maji mno. Akaacha utafiti. Sasa anapiga chapa barua za watu.

— Pole yake, alisema Breki. Bahati mbaya.

Kibiriti alichukua gurudumu la yule mwanamke, akaanza kulizungusha bila kulitazama.

— Kuna kipande nimekiruka. Siku moja nilifungua kile kisanduku. Sikujua ni mayai; nikaona mbegu zimelowa, nikamhurumia dada, zitaoza. Nikazianika juu ya bati, jua kali, mchana kutwa. Jioni nikazirudisha.

— Ukamwambia? aliuliza mwanamke.

— Aliponiomba radhi kwa kunibania chumba bure, nilimwambia nimemsamehe.