Soksi Moja ya Hattie Plunk

Benchi la nje ya kinyozi pale Harlan Falls, Ohio, lina wenyewe, na wenyewe hawana haya. Asubuhi ile ya mwaka 1974 walikuwa watatu na birika moja la kahawa. Shemasi, anayejua dhambi za kila mtu ila zake. Profesa, aliyefundisha historia mpaka historia ikamchoka. Na Orville, waliyemwita Nusu-Kidole tangu mtambo wa kuchapia gazeti ulipompunguza. Mji ulikuwa unamsimamishia sanamu Hattie Plunk, kile kisichana cha katuni kilichozaliwa kwenye gazeti lao miaka arobaini nyuma, soksi mguu mmoja, mwingine peku. Chini ya sanamu yangechongwa maneno ya kueleza kwa nini. Orville alijua kwa nini, na miaka yote hiyo walimcheka. Wasipomwamini sasa, uongo utakaa kwenye jiwe yeye akiwa kaburini, na hilo lilimuuma.

— Ni ile miaka ya njaa, alisema Profesa. Soksi moja ni taifa zima lililovuliwa nguo.

— Taifa gani linavaa soksi, wewe? alisema Shemasi. Mchoraji alikimbiwa na mke, mke akasahau soksi moja uvunguni. Haba na haba hujaza kibaba.

— Methali hiyo imeingiaje hapo, Shemasi?

— Imeingia kwa wenye akili.

— Soksi hiyo niliing'oa mimi, alisema Orville. Nilikuwa nasafisha bamba la kuchapia, lile la madini ya risasi lenye picha yake, kabla ya kulifunga mtamboni, patasi ikateleza, soksi ikaenda. Wasomaji wakafurahi, mchoraji akaiacha hivyohivyo.

— Huyu naye kaanza, alisema Shemasi. Na mwezi nao uliutoboa wewe?

Akaja mwanamke mwenye vumbi la plasta hadi kwenye nyusi. Ndiye mchongaji wa sanamu.

— Shikamooni wazee. Picha nimeziacha nyumbani. Ni mguu upi hauna soksi?

Profesa akakohoa. Shemasi akatazama viatu vyake.

— Kushoto, alisema Orville. Nimemfunga mtamboni kila siku kwa miaka thelathini.

Shemasi akaingia kwa kinyozi, akachukua gazeti la siku hiyo, akalifunua mlangoni penye katuni ya Hattie. Mguu peku ulikuwa wa kulia. Wakacheka mpaka Profesa akamwaga kahawa. Orville uso ulimwaka, akatamani ardhi immeze.

Mchongaji hakucheka. Alichukua gazeti, akalielekeza kwenye kioo cha kinyozi. Humo kiooni Hattie alikuwa peku mguu wa kushoto.

— Bamba la kuchapia huwa limegeuzwa, mzee, sivyo?

— Limegeuzwa, ili karatasini lisomeke sawa. Orville alisema taratibu, kama anayejisikia kwa mara ya kwanza. Gazetini sikuwa namtazama. Nikifika nyumbani nilikuwa nimemchoka.

Mchongaji akatoa penseli nyuma ya sikio.

— Ulisema ni patasi?

— Patasi.

Akaandika neno hilo pembeni mwa gazeti, la kuchongwa chini ya sanamu. Orville akamgeukia mwenzake.

— Haya, Shemasi. Wahenga wanasemaje hapo?

Shemasi akainua birika, akaliinamisha juu ya kikombe. Lilikuwa tupu.