Wazungu Waliofuata Tambi za Mama

SAENGDA: Haloo? … Haloo? Ni nani?

BUAPHAN: Mimi.

SAENGDA: Mimi nani? Simu inaandika "Mama."

BUAPHAN: Mimi Bua, dada. Simu yangu imezima. Mama yumo ndani ya jeneza, angekupigiaje?

SAENGDA: Usinifanyie hivyo tena! Nimeangusha mwiko. Jiko zima linanitazama.

BUAPHAN: Shikamoo, dada.

SAENGDA: Marahaba! Unaniua kwanza, halafu unanisalimia!

BUAPHAN: Kazini hamjambo?

SAENGDA: Hatujambo. Wateja wamejaa mpaka barabarani. Sema haraka, nina mchuzi wa kijani motoni.

BUAPHAN: Bado mnautia sukari?

SAENGDA: Bua.

BUAPHAN: Nauliza tu. Shangazi Fong ndiye anayetaka kujua.

SAENGDA: Mwambie shangazi tunautia kwa koleo. Umepigia hilo?

BUAPHAN: Hapana. Nimepigia tembo.

SAENGDA: Tembo gani?

BUAPHAN: Ndicho kitu cha kwanza nilichoona. Nimeinama hapa uani, namenya vitunguu saumu, watu wote wamevaa nyeusi. Mara nikaona tembo wadogo wadogo wa buluu, wamechapwa kwenye suruali, wanapanda kutoka vifundoni. Nikainua macho. Nikazidi kuinua, maana huyo mtu ni mrefu kama nguzo ya umeme. Kule juu kabisa, uso mwekundu unatabasamu.

SAENGDA: Mzungu.

BUAPHAN: Wawili. Yeye na mkewe, kwa pikipiki ya kukodi. Wanataja jina lako. Walivyolitaja sasa, kama mtu mwenye kiazi moto mdomoni.

SAENGDA: Kwa hiyo wamefika.

BUAPHAN: Wamefika, dada. Asante kwa wageni. Kijiji kilikuwa kinajiuliza binti mkubwa wa marehemu ataleta nini matangani. Wengine wameleta mchele, wengine kuni. Wewe umeleta watalii.

SAENGDA: Sikuwatuma matangani! Mimi nili— [mtandao unakwaruza] —kila siku wananiuliza, wewe huwajui hawa. Wanakaa mezani kwangu, wanamaliza sahani, wanalamba kijiko, halafu wananinong'oneza: "Sasa tuambie, dada, chakula cha kweli kiko wapi? Kile mnachokula nyinyi?"

BUAPHAN: Na bango lenu linasema "Chakula cha kweli cha nyumbani."

SAENGDA: Bango aliandika bosi.

BUAPHAN: Na picha ya mama kwenye bango, alipiga bosi?

SAENGDA: [sauti ya mwiko ukikoroga sufuria]

BUAPHAN: Haloo?

SAENGDA: Nipo.

BUAPHAN: Kwa sababu hiyo picha ndiyo iliyoleta kazi. Subiri nihame, hapa wanakata nyama, sisikii. [kelele za visu, zinapungua] Haya. Sikiliza. Wamefika nyumbani, wameona turubai, viti vya plastiki, watu wanakula, taa za rangi zinawaka na kuzima kuzunguka jeneza. Unajua walichofikiri?

SAENGDA: Usiniambie.

BUAPHAN: Mkahawa.

SAENGDA: Ee, jamani!

BUAPHAN: Mkahawa wa kijijini ambao watalii hawajaugundua. Wakavuta viti wakakaa. Na wewe unazijua desturi zetu, nani atamfukuza mtu matangani? Mjomba Inta akawawekea wali wa kunata, nyama ya kukatakata na pilipili ya kuchoma. Wakala. Mwanamume jasho linamtiririka kama bomba, anasema "tamu, tamu." Mjomba akamwongezea. Akapiga picha wali. Akapiga picha mjomba. Akapiga picha jeneza.

SAENGDA: Jeneza?!

BUAPHAN: Akauliza na bei ya chakula.

SAENGDA: Nitazimia hapa hapa kwenye sufuria.

BUAPHAN: Bado. Hapo bado hajaomba tambi.

SAENGDA: Bua. Hakuomba tambi.

BUAPHAN: Wewe si ndiye uliyemwahidi? Tambi za mchuzi mwekundu, zenye damu iliyoganda na maua ya msufi. Akasimama mbele ya jeneza, na suruali yake ya tembo, akaanza kuonyesha kwa mikono. Hivi, anavuta tambi ndefu kutoka kwenye bakuli lisiloonekana, anavuta, anavuta, haziishi. Halafu anazifyonza. Kwa sauti.

SAENGDA: Mbele ya mama.

BUAPHAN: Mbele ya mama na wazee wote. Tambi, dada! Kwenye msiba! Bibi Yuan ameshika kifua, anasema tambi ndefu matangani ni kuvuta kamba ya vifo, sasa atafuata nani? Wote wakamtazama mjomba Inta kwa sababu ndiye anayekohoa. Mjomba naye akaacha kukohoa palepale. Amepona.

SAENGDA: [anacheka, anajizuia]

BUAPHAN: Cheka tu. Huko mjini mnaruhusiwa.

SAENGDA: Kwani hakuna aliyewaambia? Nyote mmekaa mnatazama?

BUAPHAN: Nani aongee nao? Wewe ndiye uliyesoma. Mimi shule niliiacha kabla haijafika kwenye Kiingereza. Wakamsukuma nani? Mimi. "Nenda Bua, ni wageni wa dada yako." Mimi ninayejificha chooni akija mtu wa umeme.

SAENGDA: Ukafanyaje?

BUAPHAN: Yule mke akanitangulia. Ameiona picha ya mama pale mbele ya jeneza, ile yenye maua. Akaruka juu! Akatoa simu, akanionyesha picha ya bango lenu, ananionyesha na mama, bango, mama, bango. Amefurahi, dada. "Ndiye! Ndiye!" Kama mtu aliyepata ndugu yake aliyepotea. Akawa anamtafuta kwa macho mle jikoni. Anataka kumsalimia mpishi. Nikamshika mkono. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamshika mkono, nikaugusisha kwenye jeneza.

SAENGDA: [mtandao unakwaruza]

BUAPHAN: Haloo? Umekatika?

SAENGDA: Nipo. Akasemaje?

BUAPHAN: Hakusema. Alifunika mdomo. Mumewe bado anafyonza tambi za hewani nyuma yake, mke akampiga kofi la mgongo, naye akaacha. Halafu mwanamke akaenda nyuma, akakunja mikono ya shati, akachuchumaa pamoja na akina mama. Anaosha vyombo.

SAENGDA: Anaosha vyombo?

BUAPHAN: Mpaka sasa hivi ninavyoongea. Hajui kuosha, maji yote yanamwagikia miguuni, lakini yupo. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Sahani za msiba wa mama yako zinaoshwa na mwanamke wa nchi ya theluji. Kazi yako wewe endelea nayo.

SAENGDA: Bua, bosi hajanipa ruhusa. Huu ni msimu, mji umefurika—

BUAPHAN: Bosi ulimwomba?

SAENGDA: Nimesema umefurika.

BUAPHAN: Nimesikia. Nauliza kama ulimwomba.

SAENGDA: [sauti ya mbali: "Saengda! Meza ya dirishani!"] Nakuja! … Nitamwomba.

BUAPHAN: Wale wageni uliwaelekeza lini?

SAENGDA: Sijui. Juzijuzi.

BUAPHAN: Mke alinionyesha kwa vidole. Jana. Na jana mama alikuwa tayari amelala siku ya tatu chini ya zile taa, na wewe nilikuambia usiku uleule alipofariki. Uliwaambia waende wakale tambi kwa nani, dada? Shangazi Fong anataka kujua.

SAENGDA: Waliniuliza. Waliniuliza kama kila mtu anavyoniuliza, chakula cha kweli kiko wapi. Mdomo ukaanza wenyewe. "Mwanamke mmoja, njia ya kusini, ukivuka daraja, nyumba yenye msufi. Anafungua asubuhi. Mkichelewa anamaliza." Nikasikia ninavyosema "anafungua." Sikuweza kujirekebisha. Wangeniuliza mengine. Ningeanza kulia pale kwenye meza, na bosi anasema machozi yanaharibu hamu ya kula.

BUAPHAN: Hilo nalo mngeliandika kwenye bango.

SAENGDA: Usinicheke.

BUAPHAN: Sicheki.

SAENGDA: Nilitaka mtu aende pale na njaa. Basi. Kama zamani. Mtu afike, ashuke, aulize zimebaki?

BUAPHAN: Zimeisha.

SAENGDA: Najua.

BUAPHAN: Basi njoo mwenyewe. Kesho mchana tunamvuta kwenda makaburini. Kamba imeshafungwa kwenye gari la jeneza. Mtu wa kubeba picha mbele hajapatikana. Ni kazi ya mtoto mkubwa.

SAENGDA: Mpeni mtoto wa shangazi.

BUAPHAN: Yule anayesinzia akitembea? Ataingia na mama mtaroni.

SAENGDA: Bua, mama asingetaka niibebe mimi. Unajua alivyokuja hapa. Alikaa meza ya nje, akaagiza "Tambi za Mama," akaonja kijiko kimoja. Akakiweka chini taratibu hivi. Akaondoka. Hakunitukana hata! Angenitukana ningelala. Niliweka uso wake kwenye bango, halafu nikauza sukari.

BUAPHAN: Ndiyo. Alikuja nyumbani na hasira.

SAENGDA: Unaona?

BUAPHAN: Alikasirikia picha. Alisema mmempiga upande wa jino bovu.

SAENGDA: … Jino?

BUAPHAN: Wiki nzima. "Saengda ana akili gani, angeniambia nigeuke." Kila mteja aliyekuja kununua tambi, anamwonyesha jino. Sukari hakuitaja. Alisema wazungu ni kama watoto, huwezi kuwaanzishia pilipili.

SAENGDA: Unanidanganya ili nije.

BUAPHAN: Mimi? Nani alinifundisha kudanganya? Mimi niko kijijini, kwenye vitu vya kweli. Watu wanakodi pikipiki kuja kuvitafuta.

SAENGDA: [anacheka, cheko linakatika katikati] Kwa nini hakuniambia?

BUAPHAN: Kwa nini hukuuliza? Nyote wawili mnafanana. Kila mmoja anangoja mwenzake aanze kutukana.

SAENGDA: [sauti ya mbali: "Saengda!"] Nimesema nakuja! … Bua, nitaingiaje? Kijiji kizima kimekaa pale. Watanikodolea macho tangu darajani. "Ameona mama amekufa ndiyo anakuja."

BUAPHAN: Watasema. Kisha watakupa kisu ukate vitunguu. Mzungu amepiga picha jeneza na amepewa sahani ya pili.

SAENGDA: Shangazi je?

BUAPHAN: Shangazi anataka uje. [mtandao unakwaruza] Anauliza kila saa.

SAENGDA: Sikusikii. Nani anauliza?

BUAPHAN: Shangazi— [kwaru, kwaru]

SAENGDA: Unakatika! Sema tena, shangazi anasemaje?

BUAPHAN: Si shangazi.

SAENGDA: Nini?

BUAPHAN: Nimesema si shangazi! Shangazi hajauliza lolote! Akisikia jina lako anageuza kiti!

SAENGDA: Sasa nani anataka nije? Paza sauti, Bua, sikusikii—

BUAPHAN: MIMI! MIMI NDIYE NINAYETAKA UJE! SITAKI KUMSINDIKIZA MAMA PEKE YANGU!

[Visu vimenyamaza. Maji ya kuoshea vyombo yamenyamaza.]

SAENGDA: … Hiyo nimeisikia.

BUAPHAN: Kila mtu ameisikia.

SAENGDA: Tangu uzaliwe sijawahi kusikia ukipaza sauti. Hata ulipoumwa na nge.

BUAPHAN: Wamenigeukia wote. Shangazi amebaki na kijiko hewani. Watawa wa kumsomea mama ndiyo kwanza wanashuka garini, yule mkubwa wao amesimama mguu mmoja ndani, mmoja nje.

SAENGDA: Na wale wageni?

BUAPHAN: Mume ameweka mikono kifuani, ananiinamia. Anadhani ndivyo tunavyoomboleza.

SAENGDA: [anacheka, au analia, mtandao haupambanui] Bua. Nguo nyeusi sina. Nina aproni tu, na imeandikwa "Karibuni."

BUAPHAN: Utavaa ya mama. Itakubana, wewe unakula sukari.

SAENGDA: [sauti ya mbali: "Saengda, mchuzi unaungua!"] Acha uungue! … Bua, hilo sikukuambia wewe.

BUAPHAN: Nimeelewa. Watawa wamekaa. Inabidi nikate.

SAENGDA: Ngoja, usikate kwanza. Basi la mwisho linatoka saa ngapi siku hizi? Bado linasimama darajani?

BUAPHAN: Bado. Dada, wanaanza kusoma, nasema haraka na usinijibu. Siku ile ulipoondoka, uliita "Bua, njoo uniage," sikutokea. Mama alikuambia nimelala. Sikuwa nimelala. Nilikuwa nyuma ya mtungi wa maji, nimevaa viatu, nguo zangu nimezifunga kwenye kanga. Nilingoja useme "twende."