Mjomba Barafu Anaondoka Kabla ya Majibu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, fundi mkuu wa maabara yetu ya magonjwa ya ngozi anastaafu tarehe 30 Juni. Sote tunamwita Mjomba Barafu, kwa sababu ya friza zake na ile mikono ya baridi inayomshtua kila anayesalimiana naye.

Kazi yake ilikuwa kupokea vipande vya ngozi kutoka kliniki, vidogo kama punje ya mchele, kuvigandisha na kutafuta ndani yake kiashiria, yaani molekuli moja ya kumwambia daktari mapema kama mgonjwa ana soriasisi au ukurutu. Kwa macho magonjwa haya huweza kufanana sana. Dawa zake hazifanani. Mke wake, fundi cherehani, alitibiwa ugonjwa usio wake kwa miaka miwili, vidole vikapasuka hadi akashindwa kushika sindano. Mjomba hakuficha kwamba alikuwa akitafuta kwa ajili yake.

Miaka tisa iliyopita tulidhani tumekipata. Protini moja ilipanda kwa wagonjwa wa soriasisi peke yao. Tulikata keki, na mkurugenzi akatuma makala kwenye jarida. Mjomba hakula keki. Alikuwa amekumbuka kwamba vipande vya soriasisi vililetwa saa saba mchana, naye akiwa ametoka kwenda kula, vikamsubiri mezani karibu saa nzima. Vya ukurutu vililetwa asubuhi na kugandishwa papo hapo. Bila kutuambia, akaomba daktari amkate vipande viwili mkononi. Kimoja alikigandisha mara moja, cha pili akakiacha mezani saa nzima. Cha pili kilikuwa na protini ile tele, ingawa yeye hana soriasisi.

Alisimama kikaoni, uso umemshuka. “Tulichopima ni muda wangu wa chakula,” alisema. Makala ikaondolewa. Nyumbani, mkewe alikuwa ameshawatangazia dada zake habari njema. Aliposikia ukweli, akamwambia, “Basi anza tena. Mimi nipo.”

Akaanza tena. Tangu hapo amekuwa akila mlangoni, bakuli mkononi, akisubiri mjumbe wa kliniki. Kipande kikichelewa dakika tatu, hutupwa. Amenifokea mara mbili, na mara zote nilistahili.

Mkewe alifariki Februari, kwa ugonjwa wa moyo. Mjomba alirudi kazini baada ya wiki mbili, kwa sababu kiashiria kipya kilikuwa kimeanza kupimwa kwa wagonjwa mia nne. Majibu ni Oktoba. Tuliomba aongezewe muda, na utawala ukajibu kwa aya moja kwamba haiwezekani. Imetuuma sana.

Mjomba, asante kwa kazi yako na kwa ukweli wako. Tunakuombea afya, utulivu na faraja. Oktoba tutakuja nyumbani kwako sote. Majibu yakiwa mazuri, utakuwa wa kwanza kujua. Na tukiwa tumekosea tena, utakuwa wa kwanza kujua.