Viti vya Wapagazi Siku ya Jamhuri

Risala ya Umoja wa Wapagazi wa Vita vya Mjerumani, Mlola, kwa Bwana Abrahamu Shemhilu, Mwenyekiti wa Kamati ya Sherehe za Jamhuri, siku ya kufungua darasa jipya la shule yetu, tarehe 17 Novemba 1962.

Mgeni rasmi, Bwana Abrahamu Shemhilu. Viongozi wa TANU. Walimu, wazazi na wanafunzi mliosimama juani kwa ajili yetu:

KARIBU MLOLA

Umeshuka garini ukapita kwetu mmoja mmoja na shikamoo yako, hukumruka mtu. Marahaba. Wakubwa waliowahi kufika hapa zamani walitusalimia kwa kuinua kofia, tena wakiwa ndani ya gari. Kwa hiyo hata kabla hujakata utepe wa darasa hili, sisi wazee kumi na mmoja wa benchi la mbele tumekwisha kufurahi.

Anayesoma ni Mwalimu Secilia, kwa sababu macho yetu yamechoka. Maneno ni yetu. Tulimwambia asiongeze wala asipunguze. Amekiri kwamba amepunguza maneno mawili ya Mzee Rubeni juu ya Wazungu, na Mzee Rubeni amemsamehe.

TULIVYOPATA KUWA WAPAGAZI

Mgeni rasmi, wewe ulizaliwa vita vile vimekwisha, kwa hiyo tuanze mwanzo.

Mwaka 1916 Waingereza walipokuwa wakija huku milimani, Wajerumani walihama na vitu vyao vyote, na vitu havina miguu. Jumbe wa Malindi, hii Malindi yetu ya huku milimani, akaamriwa kutoa watu ishirini. Rubeni alikuwa kijana wa miaka kumi na minane, ameoa miezi mitatu tu. Walimchukua shambani, jembe akaliacha limesimama kwenye tuta. Katika ishirini hao alikuwamo Saidi, na Saidi alikuwa na mke, Zuhura. Zuhura alisema hawezi kukaa nyumbani akingoja kuletewa habari za mumewe na watu wengine. Akajitwisha chungu, akafuata.

Haukupita muda Waingereza wakafika, nao wakataka watu. Huku Mlola walimpata Hassani. Walimvisha kipande cha bati shingoni chenye namba 4417, wakampa gunia la unga la ratili sitini. Hassani alimwuliza mnyapara wake vita hivi ni vya nini. Mnyapara akamjibu, "Hata mimi nimekuta vimeanza."

Ndivyo watu wa milima hii, wanaouziana ndizi kwenye gulio moja, walivyogawanywa kuwa maadui. Hakuna aliyetueleza ugomvi wenyewe. Tulielezwa mzigo tu.

Saidi alifariki njiani, karibu na Handeni, kwa ugonjwa wa tumbo. Zuhura hakurudi. Nyuma kulikuwa na askari wa Waingereza, na mzigo wa Saidi ulikuwa umekwisha kuhamishiwa kichwani kwake. Aliubeba mpaka Rufiji.

Mwanzoni mwa mwaka 1917 mvua ilinyesha Rufiji mpaka nchi ikawa ziwa. Wajerumani waliondoka usiku kuelekea kusini, wakawaacha wagonjwa wao kwenye vibanda vya majani. Rubeni alikuwa mmoja wa walioachwa. Zuhura aliambiwa aondoke na msafara, akakataa, akasema huyu ni mtu wa Malindi na yeye ni mtu wa Malindi.

Siku ya tatu Hassani alikuwa akipita hapo na gunia lake, maji yakimfika magotini. Akasikia mtu kibandani anasema, "Onga mahundo." Ndiyo salamu yetu ya asubuhi, mgeni rasmi, na wakati huo ilikuwa alasiri. Akasimama.

"Nyinyi wa wapi?" aliuliza kwa Kishambaa.

Aliyejibu ni Zuhura, maana Rubeni alikuwa bado anawaamkia watu wasiokuwapo. "Malindi. Huyu ana homa siku ya sita. Wenzetu wamekwenda."

"Mimi wa Mlola."

"Basi mbebe."

"Na gunia?"

"Nipe mimi."

Hassani alimbeba Rubeni mgongoni kwa siku mbili, na Zuhura akabeba gunia la Mwingereza. Siku ya pili mnyapara aliwaona. Akamwuliza Hassani, "Mwanamke huyu namba yake ngapi?" Hassani alivua kile kipande cha bati, akamvika Zuhura. "Hiyo hapo," akasema. Mnyapara aliisoma namba, akamwangalia Hassani na mtu aliye mgongoni mwake, akasema, "Basi asiye na namba ni wewe. Mimi sikukuona." Akapita zake. Huyo mnyapara alikuwa Mnyamwezi, na hatukupata kulijua jina lake. Tunamwombea mpaka leo.

Walifika kwenye hema la waganga, na Rubeni akapona. Ndiye yule pale, kwenye ncha ya kulia ya benchi, aliyevaa koti la kahawia.

TULICHOKIKUTA NA TULICHOKUJA NACHO

Tulirudi mwaka 1919. Kutoka vijiji vya pande hizi walikwenda watu sitini na mmoja, tukarudi ishirini na saba. Nyumbani tulikuta njaa imepita na homa kubwa imepita. Mama yake Hassani hakuwapo tena. Rubeni alikuta mkewe ameambiwa kwamba yeye amekufa, naye ameolewa. Alikaa kwenye kizingiti kwa muda. Kisha akamsalimia yule mume mpya, akala ugali aliowekewa, akaenda kulitafuta jembe lake. Anasema hata hilo alilikuta kwa jirani.

Lakini tulirudi na kitu pia. Wengi wetu tuliondoka hapa tunajua Kishambaa peke yake. Hiki Kiswahili anachokisoma Mwalimu Secilia tulikiokota njiani, tukiwa tumekaa moto mmoja na Wayao, Wangoni, Wazaramo na Wasukuma. Viongozi wetu wa TANU walipokuja kutuambia kwamba Tanganyika ni nchi moja, vijana waliuliza maswali mengi. Sisi hatukuuliza. Tulikuwa tumekwisha kuipita yote kwa nyayo, na kila mahali mzigo ulikuwa uleule.

Umoja wetu ulianza mwaka 1934 ili kuzikana. Hapakuwa na upande wa Mjerumani wala wa Mwingereza. Zuhura tulimwandika wa tatu katika daftari. Mzee mmoja alihoji kama mwanamke anaweza kuwa mpagazi, Zuhura akamwambia asimame wapime nani aliyebeba pande zote mbili. Yule mzee alibaki ameketi.

Watu huuliza pia kama aliolewa tena. Hassani alimposa, na mwaka uliofuata Rubeni naye akamposa. Aliwakataa wote wawili, akisema amekwisha kuwabeba vya kutosha. Leo ndiye mwuza maharage mkubwa wa gulio letu, na wote wawili ni wateja wake.

TULIYOYAFANYA MWAKA HUU

Mgeni rasmi, darasa unalolifungua limejengwa kwa kujitolea. Wazazi walifyatua matofali, wanafunzi walichota maji. Mabati yalipoletwa mwezi wa nane, lori lilikwama kwenye matope kule darajani, mwendo wa saa mbili kutoka hapa. Vijana walianza kubishana jinsi ya kuyaleta. Mzee Bakari wa Umoja wetu akawauliza kama wanataka kubishana au wanataka kuezeka.

Tulishuka sisi wenyewe tukawapanga. Tuliwaonyesha kata ya kichwani ya majani ya migomba inavyokazwa, na jinsi wawili wanavyokwenda hatua moja ili bati lisipinde. Mzee Bakari aliongoza mbele akiimba wimbo wa msafara, na maneno yasiyofaa aliyaruka kwa sababu watoto walikuwapo. Kwa siku mbili yalifika mabati yote mia na ishirini. Hakuna hata moja lililopinda. Ukiinua macho utayaona.

LINALOTUKWAZA

Tunalo moja tu, na tunalisema kwa moyo mweupe.

Mwezi uliopita ulitufikia waraka kwamba Siku ya Jamhuri, tarehe 9 Desemba, kwenye sherehe za mji wa wilaya, waliotumika vitani watakaa viti vya mbele na kutajwa majina. Tulifurahi sana. Mzee Kornelio wa Gare, aliyekuwa mgonjwa, aliagiza koti lake lifuliwe na kupigwa pasi. Alifariki kabla halijakauka vizuri, tukamzika nalo.

Kisha tukasomewa masharti. Wanaotakiwa ni askari, na wawe wa upande wa Mwingereza. Kati yetu aliyepewa kadi ni Hassani peke yake, kwa sababu mwaka wa mwisho wa vita walimfanya mnyapara, cheo wanachokihesabu kuwa cha askari, naye anayo barua ya kulithibitisha hilo.

Hassani alikwenda kwa miguu mpaka kwa karani aliyeandika kadi hizo. Alimwambia, "Mwanangu, nimekuja kurudisha kiti."

Karani, ambaye ni kijana wa adabu na alimpa chai, alimjibu, "Mzee, kiti hiki ni heshima yako."

"Basi mwandikie na mwenzangu Rubeni."

"Huyo alikuwa upande wa adui, Mzee wangu. Ndivyo fomu inavyosema."

"Adui wa nani? Mimi nilimbeba."

Karani akasema hana ruhusa ya kubadili fomu, na kwamba mwenye ruhusa ni Mwenyekiti wa Kamati. Ndiyo maana tulikuomba wewe, mgeni rasmi, uje kulifungua darasa hili. Tusingependa ulijue hilo kwa mtu mwingine.

Sasa Hassani amesema hatakwenda peke yake. Rubeni amemwambia, "Nenda, utatusimulia." Hassani akamwambia amechoka kuwasimulia watu ambao wangeweza kuwapo wenyewe. Maneno yakawa makali. Hivi leo ni siku ya tisa hawasemezani, na katika miaka arobaini na mitano hawajapata kufanya hivyo. Utaona mmoja yuko ncha hii ya benchi na mwingine ncha ile, na Zuhura tumemweka katikati.

TUNAYOYAOMBA

Tunaomba fomu hiyo iandikwe upya. Ile iliyopo tunaona iliandikwa kwa ajili ya nchi za watu wengine, na hii sasa ni yetu. Majina yetu kumi na moja, likiwamo la Zuhura binti Hemedi, Mwalimu Secilia ameyaandika kwenye karatasi atakayokukabidhi.

Tunaomba pia wale thelathini na wanne ambao hawakurudi wasomwe kwa majina siku hiyo. Ni majina mafupi, hayatachelewesha gwaride. Wengi wao hawana kaburi linalojulikana, na jamaa zao wangependa kuwasikia wakitajwa na serikali yao wenyewe.

Hatuombi viti vya mbele. Safu yoyote itatufaa, mradi tukae pamoja. Zuhura ameongeza kwamba angependa kiti chenye mahali pa kuegemea, nasi tumeona hilo ni la haki.

Tumesikia kwamba lori litatumwa kuchukua wageni. Tunashukuru, lakini lipakie wanafunzi, kwa kuwa hawajapata kuuona mji wakati wa sherehe. Ukikubali maombi haya, sisi tutaondoka hapa Ijumaa asubuhi, taratibu, kwa miguu, na Jumapili tutakuwa tumekwisha kufika kabla ya bendera. Njia tunaijua. Na safari hii hatubebi kitu.

Mwenyezi Mungu akulinde barabarani, mgeni rasmi, awape wenzako wa Kamati moyo mwepesi, na aitunze Tanganyika na watu wake wote, wa bondeni na wa milimani.

Uhuru na Kazi.

Ni sisi,
Umoja wa Wapagazi wa Vita vya Mjerumani,
Mlola, Malindi na Gare.