Chai ya Mzee

Sogezeni viti karibu, wanangu, maana sauti yangu leo haifiki hata mlangoni, na nitakayosema sitaweza kuyarudia. Ya mali nayamaliza upesi kwa sababu siyo yanayonisumbua: nyumba hii ni yenu wawili, msiiuze mpaka mjukuu wangu amalize shule, na shamba la juu mligawane palepale penye mtaro kama mlivyozoea kulima. Yule jirani niliyegombana naye miaka kumi, mwambieni mpaka wake ulikuwa sahihi, mimi nilikuwa mbishi tu.

Sasa lililo zito. Binti yangu, wewe uliyerithi kiti changu bungeni, juzi ulikuja hapa unacheka, ukaniambia kwamba Alhamisi muswada wa wakunga ukirudi, chama kitawanywesha wabunge wake “chai ya Mzee”. Ulidhani nitafurahi kusikia mbinu yangu bado ina jina. Nikageukia ukutani, nawe ukadhani nimechoka. Ilikuwa aibu, mama. Kaka yako hajui chai hiyo ni nini, na ndiye anayestahili kujua kuliko mtu yeyote.

Nisikilize, mwanangu. Miaka tisa iliyopita kazi yangu katika chama ilikuwa kuhesabu vichwa, kujua nani yuko nasi na nani anayumba. Upande wa pili wakaleta muswada wa kumruhusu mkunga wa zahanati ampige mzazi sindano ya kuzuia damu bila kusubiri amri ya daktari. Mwenzangu wa upande ule, tuliyemwita Mwalimu kwa sababu alifundisha kabla ya siasa, akanifuata kwenye korido akaniuliza hasa tunataka nini. Nikasema mkunga awe na uzoefu wa miaka miwili. Akakubali. Nikasema amwarifu daktari ndani ya saa moja. Akakubali, akanipa kalamu yake niandike mwenyewe. Kifungu cha nne kiliandikwa kwa mkono wangu huu, tukashikana mikono. Balaa ikawa hapo: alitupa kila tulichoomba, tukabaki hatuna la kukataa, na uchaguzi uko miezi mitatu mbele. Mwenyekiti wetu akaniambia, “Huu ukipita, watautembeza kila kijiji.” Nikamwelewa.

Kanuni zilitaka watu tisini ndani ya ukumbi ndipo kura ipigwe. Kengele ilipolia niliwatoa watu wangu wote, nikawajaza kwenye chumba cha chai, watu sitini mahali pa watu ishirini, vikombe vinagongana, wengine wamekalia madirisha wanapiga soga. Mmoja wetu, mnene mmoja tuliyemwita Jongoo kwa mwendo wake, akaweka kikombe chini akasema, “Mke wangu muuguzi, Mzee. Mimi narudi.” Nikamshika mkono wa koti, nikamtania kwamba kwa mwendo wake atafika Bunge lijalo. Wenzake wakaangua kicheko, naye akakaa. Ndani walihesabiwa themanini na tisa. Spika akaahirisha kikao, Bunge likavunjwa, muswada ukafa, na mimi nikapigwapigwa mabegani kama bwana harusi. Mwalimu alinikuta kwenye ngazi. Hakunitukana. Aliniuliza tu, “Kifungu chako mwenyewe?”

Mwaka uliofuata, mwanangu, mkeo akajifungua.

Mkunga alikuwa na sindano mkononi na simu sikioni, daktari yuko kwenye upasuaji, hapokei, na mkunga mwenzake alikuwa ameshafungwa kwa kuipiga bila amri. Mkeo akafa kwa kutoka damu, nawe ukamwita mkunga yule muuaji mbele ya watu. Mimi nilisimama kando yako nikijua kila kitu, na badala ya kusema nikaandika barua ya kumshtaki kwa wakubwa wake, akafukuzwa kazi. Ukanishukuru kwa barua ile. Tangu hapo tunakula meza moja, na kila ukiniita baba roho inanisuta, lakini sikuwa na uso wa kukwambia.

Kaa, nakuomba. Au simama ukitaka, ila usiondoke.

Binti yangu, Alhamisi wenzako wakitoka, wewe baki kwenye kiti. Watakuita msaliti, watakunyima nafasi uchaguzi ujao, na mimi sitakuwepo kukutetea. Muswada ukiwa na kasoro, ibishanie, muurekebishe pamoja na wa upande wa pili, piga hata kura ya hapana ikibidi, lakini uwe ndani. Bendera ya chama msiiweke kwenye jeneza langu. Wakija kunisifu kwa ujanja, waombeni wakae kimya.

Maji kidogo... Basi, yanatosha.

Mungu awape moyo wa kukubali mnapopewa mlichoomba. Amkuze yule mtoto. Awape... awape maneno mimi niliyoyakosa miaka yote hii.

Mwanangu, msamaha wako siuombi, sijafika huko. Chumba cha pili kuna mama anasubiri, nilimpigia simu mwenyewe kabla hamjafika. Ndiye yule mkunga. Amekubali kuja, sijui kwa nini... Nenda kamwite. Wewe usiseme kitu bado, mlete tu karibu na kitanda, anisikie. Na wewe una lako kwake, najua... lakini nataka nianze mimi.